Bluu ni Kijani Imetolewa Kitu

Siste alianza na rangi. Hakusema anataka ndege, alisema anataka bluu. Stima ilikuwa imepotea, mathe anakata sukuma na mshumaa, na huyu mtoto wa Gredi 7 amenipokonya simu ananionyesha picha ya kasuku kadogo: kifua rangi ya anga, kichwa nyeupe, madoa meusi yamepangwa shingoni kama shanga. "Buda, hii. Na usiniletee ingine."

Maze, mpaka hapo kasuku kwangu ilikuwa vitu mbili tu. Kile kitabu cha mazoezi chenye tebo za hesabu nyuma, na ule mkebe wa mafuta ya kupika ambao mathe amepimia unga miaka na mikaka. Kasuku yenye inapumua, yenye unanunua na doo yako na inakuamsha asubuhi, hiyo ilikuwa stori ya Lavington na Karen. Ile ya kwa picha ya siste, wasee wa ndege huiita baji. Ni kasuku ndogo ya kufuga: inchi saba hivi kutoka mdomo mpaka ncha ya mkia, na nusu ya hiyo ni mkia. Uzito ni gramu 30 na kitu. Ukiiweka mkononi unaskia moyo tu.

Mimi huuza jinzi Toi. Ile soko imebanwa kati ya Ngong Road na Makina, hapo nyuma ya Adams. Ilichomeka 2008 kwa ile vurugu ya uchaguzi, ikachomeka tena Julai 2024, na kila mara mabati hurudi juu na watu huanza kuita wateja kabla misumari haijaisha. Toi utapata ndula, mapazia, sufuria za majuu, wimbi kwa gorogoro, avocado za kupangwa mlima, na fundi wa cherehani atakukatia suruali ukingoja. Ndege ya bluu ndio sikuwa nimewahi tafuta.

Lakini kuchagua najua. Bale ikifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi una kama dakika tatu za kutoa kamera zako, zile nguo za kwanza, safi, kabla mbogi ingine haijazinyita. Zikibaki za katikati, halafu mwisho kabisa fagia, zile za kumwagwa chini ziuzwe finje finje. Na kitu hufilisi watu kwa hiyo dakika tatu ni rangi. Nimeona msee akikimbilia koti nyekundu kama amepagawa, kufika keja anapata kwapa zote mbili zimeraruka. Jicho hupenda kuruka mbele, mkono unafaa kubaki nyuma ukishika mshono. Niliamini hii akili ingenitosha kwa ndege. Enyewe ilinitosha, lakini si vile nilidhani.

Msee wa kwanza nilimpata kando ya barabara, keji imening'inia kwa mkono, magari yamekwama foleni. Alikuwa na baji tano, na moja ilikuwa pinki. Pinki kabisa, kama peremende. "Hii ni spesho boss, huwezi pata Nairobi nzima." Bei ilikuwa ngiri tatu unusu. Sasa mimi nimeshauziwa jinzi nyeusi zenye zimepakwa rangi upya usiku, zikanichafulia mikono na wateja wakanirudishia, kwa hivyo kuna kitu nimezoea kufanya: kitambaa nyeupe, mate kidogo, unasugua mahali pa mshono. Nikamwambia anishikie ndege. Nikasugua mgongo pole pole. Kitambaa ikageuka pinki.

Msee akaangalia kitambaa, akaangalia mimi. "Hiyo ni jasho yake, boss."

Walai nilicheka mpaka makanga wa mat iliyosimama hapo akataka kujua ni nini. Ndege haitoi jasho, haina hata hicho kitu cha kutoa jasho. Na baji nyekundu ama pinki haijawahi zaliwa duniani. Kuna kijani za kila aina, kuna bluu, zambarau, njano, nyeupe, kijivu, kuna zenye rangi imepigwa madoa, lakini nyekundu hapana. Ukiiona ujue kuna mtu na rangi ya kuoka keki.

Wa pili hata hakuwa na baji. Alikuwa na ndege za shingo ya chungwa, mdomo mwekundu, macho yamezungushwa duara nyeupe kama zimevaa miwani. Nzuri, siwezi danganya. Akasema zimetoka Naivasha asubuhi hiyo. Hapo ndio nilihepa. Hizo ni cherero za Fischer, kwao asili ni kaskazini ya Tanzania, na hizi za Naivasha zilianza na zile zilitoroka ama kuachiliwa na watu wa kuzifuga, zikazaana na cherero wa aina ingine, sasa ni mbogi kubwa pale ziwani. Ndege ya kushikwa na wavu msituni ukibebwa nayo bila kibali, sheria ya wanyamapori ya 2013 haitaki kujua siste wako alilia vipi. Kasuku ya kijivu, ile kubwa yenye mkia mwekundu, ndio ngori zaidi: dunia nzima iliifungia biashara ya kushika msituni kutoka 2017, na hapa ukiwa nayo lazima wale wa wanyamapori, KWS, wawe wanakujua. Baji iko nje ya hiyo stori. Hata kwa ile orodha ya kimataifa ya CITES, yenye karibu kasuku wote wamo, baji imeachwa nje, juu zenye ziko kwa mikeji zimezaliwa kwa mikeji, na mababu zao, na mababu wa mababu. Australia yenyewe iliacha kutoa ndege wake wa porini kwa biashara kitambo sana, miaka ya 1960 hivi.

Wa tatu alikuwa mzae wa Gatina, na kwake nilielekezwa na mama muuza wimbi. Alisema kuna mtu Kawangware hununua wimbi gorogoro tatu kila wiki na hajawahi kumwona akinunua unga wa kusonga. Nikavuka Ngong Road, nikafuata Naivasha Road (nikacheka peke yangu, hiyo Naivasha ingine bado ilikuwa kwa akili), nikaingia vichochoro za Gatina nikifuata masikio. Baji hazilii kama jogoo. Ni kama watu mia wananong'ona umbea kwa wakati mmoja na hakuna mwenye anangoja mwenzake amalize.

Mzae alikuwa shamba boi Lavington miaka mingi. Mdosi wake akihama alimwachia keji moja na ndege nne. Sasa ako nazo kama hamsini, kwa kibanda cha mabati na waya nyuma ya nyumba, na akiingia hakuna inashtuka.

"Shikamoo mzae. Natafuta ya bluu."

"Kila mtu hutafuta ya bluu," akasema, hata hakugeuka. "Wewe hufanya kazi gani?"

"Nauza jinzi Toi."

Hapo akageuka. "Basi wewe utaelewa haraka kuliko wale wengine."

Akainama, akaokota unyoya wa bluu kwa sakafu, mdogo kama ukucha. Akanipa. Bluu ya kweli, ya kung'aa. "Sasa inua, uangalie jua kupitia hapo." Nikainua. Bluu ikapotea. Unyoya ulikuwa kijivu, kama majivu ya sigara. Nikateremsha, bluu ikarudi. Nikainua tena. Nilifanya hivyo kama mara sita, mzae ananiangalia tu.

Vile alinielezea, nikaja kucheki usiku kwa simu nikapata ni hivyo hivyo: kwa unyoya wa baji hakuna wino wa bluu. Haujawahi kuwa. Bluu inatoka kwa vile unyoya umejengwa ndani, vishimo vidogo sana vinavyorudisha mwanga wa bluu peke yake, na nyuma yake kuna wino mweusi wa kumeza mwanga uliobaki. Juu ya hiyo, ndege ya porini iko na wino wa njano. Njano juu ya bluu unapata kijani. Ndio maana kule Australia zote ni kijani, kichwa njano, mgongo na mistari myeusi, makundi makubwa yakifuata mvua na nyasi kutoka pande moja ya nchi hadi ingine. Kijani ndio jinzi ikitoka kiwandani, ngumu, rangi yote iko.

Zingine zote zimetolewa kitu. Toa njano, unabaki na bluu. Toa ule mweusi, bluu inakosa pa kusimama, unabaki na ndege ya njano tupu yenye macho mekundu. Toa zote mbili, unapata nyeupe pepe kama shati ya shule siku ya kwanza. Siste na wenzake wote wanalilia bluu wakidhani imeongezwa kitu, na kumbe ni jinzi imeoshwa na mawe mpaka ikapoteza nusu. Mimi hapo nilikaa chini kwa ndoo. Miaka yote nauza jinzi zilizopauka kwa bei ya juu kuliko zenye hazijapauka, na sijawahi jiuliza.

Historia yake nayo ni kama ya fasheni yoyote. Mwingereza anaitwa John Gould ndiye alifikisha baji hai Uingereza 1840. Miaka thelathini na kitu baadaye za njano zikazaliwa Ubelgiji, halafu bluu, huko huko, na 1910 bluu zikaonyeshwa London, watu wakawa wazimu. Miaka ya 1920 wasee wa doo Japani wakaanza kuzinunua kwa bei za kushangaza kama zawadi, halafu soko ikaanguka kama kawa. Halafu 2017 wanasayansi wa Stanford wakatafuta kwa damu ya ndege ni nini hasa hupotea bluu ikizaliwa. Ni herufi moja. Kwa ile jeni ya kutengeneza njano, herufi moja imebadilika, kiwanda kinafunga.

Mzae hajui Stanford, lakini mambo ya kurithi anajua kwa macho. Alinionyesha keji yenye bluu mbili, dume na jike, na kifaranga cha kijani kinaombaomba chakula. "Huyo ni mtoto wao?" akaniuliza. Nikasema ndio, si wanamlisha? Akacheka kicheko ya mtu ameshika mwizi. "Bluu mbili haziwezi zaa kijani. Haiwezekani. Huyo nimemwekea hapo juu mamake aliacha kulisha. Mtu akikuambia bluu mbili zimezaa kijani, ama ni muongo, ama uchunguze jirani." Lakini kinyume chake inawezekana: kijani mbili zinaweza toa bluu, kama kila mmoja ameficha bluu ndani. Kijani hufunika. Hapo ndio ndoa huvunjika kwa mikeji ya watu, akasema, na nikaona ameisema hiyo mzaha mara nyingi sana maishani.

Zile aina zingine alinipitishia mbio mbio. Kuna dozi ya giza: bluu bila dozi ni ya anga, dozi moja inakuwa bluu nzito ya kalamu, mbili inakuwa kijivu ya zambarau kama mawingu ya Aprili. Kijani nazo hivyo hivyo, mpaka unafika rangi ya zeituni. Kuna zenye mistari ya bawa imegeuzwa ndani nje, katikati nyeupe na ukingo mweusi. Hizo zilianzia Australia miaka ya 1970 na bado ziko moto. Kuna madoadoa kama mkeka umemwagikiwa dawa ya kung'arisha. Halafu alikuwa na moja kubwa, mara moja unusu ya wenzake, nywele zimemfunika macho kama msanii wa gengetone. Hiyo ni ya maonyesho, Waingereza ndio waliikuza hivyo. Nikaipenda juu ya swag. Mzae akasema ni polepole, inalala sana na mara nyingi hazifiki miaka ya hizi ndogo, zenye zikitunzwa poa zinaeza enda mitano mpaka kumi. "Hiyo ni suti," akasema. "Wewe unatafuta nguo ya kazi."

Sasa bluu. Alinionyesha nne. Mbili zilikuwa zimeshaitishwa. Ya tatu ilikuwa jike mzima, ameshazoea maisha yake, akikuona anakupa mgongo. Ya nne ndio ilikuwa picha ya siste kabisa, shanga na kila kitu, imeketi chini ya keji, manyoya imevimba kama imevaa jaketi, na mkia unapanda na kushuka kila ikipumua. Nikainyoshea kidole. Mzae akakataa.

"Hiyo siuzi. Angalia mkia."

Baji mzima ikipumua mkia hautikisiki. Ukiona mkia unapiga kama pampu, kifua kina shida, na hiyo kuvimba na kuketi chini ni ndege inajaribu kushika joto. Mbaya zaidi, ndege huficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho, juu porini ukionyesha wewe ni mgonjwa unadishiwa. Kwa hivyo ukiona dalili, ujue imekuwa mgonjwa kitambo. Hii yake alikuwa ameitenga na anaipeleka kwa daktari wa mifugo kesho yake. Nilimheshimu mzae kwa hilo zaidi ya zile hesabu zake zote. Kuna wasee wangeniuzia hiyo ndege na kunifungulia mlango.

Akaniambia nifanye vile hufanya na jinzi. Sawa. Jinzi mimi huanza na makalio na zipu, si mfuko wa mbele wenye nakshi. Kwa baji makalio pia ndio mwanzo: chini ya mkia pawe pakavu na pasafi, pakiwa na uchafu umekauka, tumbo inaendesha. Pua ikauke. Mdomo na miguu isiwe na maganda ya vishimovishimo kama sega la nyuki, hiyo ni wadudu, inatibika lakini si kwa bei yako. Vidole viwili mbele, viwili nyuma, vishike kijiti kwa nguvu. Halafu umri. Kifaranga chenye kimetoka kiotani mistari yake myeusi inashuka mpaka juu ya pua, na jicho ni nyeusi lote. Ikifika miezi mitatu minne manyoya ya kwanza yanaanguka, paji la uso linasafishika, na baadaye jicho linapata duara nyeupe. Ukitaka yenye itakuzoea, chukua yenye bado paji ina mistari.

Na dume ama jike unaona kwa ile nyama juu ya mdomo yenye pua iko. Dume mzima ni bluu, jike ni kahawia. Za njano na nyeupe ndio huingiza watu box, juu dume wao hubaki pinki maisha yote, mtu anakaa akingoja igeuke bluu mpaka anazeeka. Kwa watoto ni ngumu zaidi: dume ni pinki ya zambarau iliyolingana, jike ni ya kupauka na duara nyeupe kuzunguka tundu za pua. Nilikodoa macho mpaka yakauma.

Yenye ilinimaliza haikuwa kwa mpango. Nikiwa nimekodoa hivyo, ka-kijani kamoja, mistari mpaka puani, kalitembea kwa kijiti kutoka mwisho wa pili, kakafika mbele yangu, kakageuza kichwa na kuanza kuvuta uzi wa jaketi yangu kupitia waya. Kakavuta mpaka kakautoa. Kakaenda nao kwa kona, kakarudi kuchukua mwingine. Kijani ya kawaida kabisa. Kichwa njano, mgongo na mistari, ile yenye mzae alikuwa nayo kama ishirini na anauza ngiri moja na soo tano wakati bluu ni ngiri mbili na soo tano. Kwa bale, ingekuwa kwa rundo la katikati. Nikaangalia makalio: safi. Pua: kavu. Dume. Miguu: imejaa nyuzi zangu.

"Mamake ni bluu," mzae akasema akinifungia kwa katoni ya viatu yenye mashimo. "Kwa hivyo hii imebeba bluu ndani. Haionekani, lakini iko. Lazima iwe."

Siste hakunisalimia siku mbili.

Keji nilikuwa nimetengenezewa na fundi wa Makina, ndefu kwa upana, si ile ya duara ya kupendeza, juu ndege huruka kwenda mbele, si kupanda kama lifti. Waya mpya ya mabati iko na zinki na baji hutafuna kila kitu, kwa hivyo niliisugua na siki, nikaianika jua siku tatu. Kijiti nikakata kwa mti wa mpera. Mathe alikuwa anapita akiguna: mtu mzima anaosha nyumba ya ndege na nyumba yake ina vumbi.

Keja yetu ni chumba moja na pazia, na hapo ndio nilijua kufuga ndege mtaani si kama kufuga Lavington. Mapafu ya baji ni kali sana, hunyonya hewa kila pembe. Jiko la makaa tukaanza kuliwashia nje mpaka liive kabisa. Zile sufuria nyeusi zisizoshika chakula, zenye huuzwa Toi za majuu, zikichomeka bila kitu ndani hutoa moshi wenye hauskii harufu yake na unaua ndege kabla ujue. Moja nikarudisha. Jirani akipulizia kunguni dawa, keji inaenda kwa rafiki yangu Woodley mpaka jioni. Na avocado, jo, avocado yenye tunakula na kila kitu, kwa baji ni sumu. Siste alikuwa ameanza kumkatia kipande, kwa ule uzuri wa moyo wa mtu aliyenuna akachoka. Nikapiga nduru mpaka mathe akatoka bafuni na sabuni.

Chakula ingine ni rahisi. Wimbi na mtama kwa mama yule yule, ambaye sasa ananiita "mzee wa ndege". Sukuma na terere zioshwe poa. Karoti ya kukunwa. Mfupa wa ngisi wa kunolea mdomo nililetewa na beshte kutoka Mombasa, aliuokota ufuoni, bure.

Siste alirudi mwenyewe, siku ya tatu, juu ya nyuzi. Alipata ka-kijani kamefumua ukingo wa sweta yake ya shule na kamekaa hapo hakaogopi. Akakaita Uzi. Mpaka leo ndio jina.

Uzi haongei sana. Nilikuwa nimejaa matumaini juu nilisoma kuhusu baji wa California anaitwa Puck, aliyekufa 1994 akiwa anajua maneno 1,728, iko kwa kitabu cha rekodi. Uzi anajua moja unusu. Anasema "beba", vile naita wateja nikijipasha asubuhi, halafu anaanza "bebaaa" ya pili na kuiacha hewani. Ndege moja ikikaa na watu mchana wote hujifunza zaidi, lakini mimi niko Toi, siste ako shule, mathe ako kazi, na baji peke yake kwa chumba ni kama mtu amefungwa rumande. Huanza kujing'oa manyoya. Kwa hivyo mwaka uliofuata, siste akiwa amefikisha Gredi 8 na alama zenye sikuweza kubishana nazo, nikarudi Gatina.

Safari hii tulienda naye. Alisalimia mzae, akashika mikono nyuma, akaangalia makalio ya ndege saba moja baada ya ingine kama askari wa lango. Mzae akanikonyeza. Alichagua jike wa bluu ya anga, wa mwaka mmoja, shanga zote ziko shingoni. Tukamweka kando mwezi mzima kwa keja ya rafiki yangu Woodley, tuone hana ugonjwa, ndio akakutana na Uzi. Uzi akasema "beba". Jike akampiga mdomo.

Wamepatana sasa. Fundi alitupigia sanduku la mbao, shimo la kuingilia na sakafu imechimbwa kidogo mayai yasitembee. Yako matano. Meupe, madogo kama njugu mawe, alitaga moja kila baada ya siku mbili, na yai hukaliwa siku 18 hivi. Siste amechora kalenda kwa ukuta. Amechora pia hesabu: mama bluu, baba kijani mwenye ameficha bluu, kila yai ni nusu kwa nusu. "Buda, hiyo ni bale. Nusu ni kamera," akasema, na nikaanza kuogopa atachukua kibanda changu.

Kibandani Toi wasee wote wanajua. Yule wa ndula ameweka soo kwa bluu tatu. Mama wa wimbi ameweka rwabe, bluu nne, hataki kuskia hesabu. Mathe, mwenye alisema hataki ndege kwa nyumba yake, ameweka finje kwa siri na kuniambia nisimwambie siste.

Mimi nimeweka soo kwa kijani, zote tano. Leo ni siku ya kumi na sita.